JINA LA UGONJWA KWENYE FISHI YAKO NI HAKI YAKO



Munganga akimaliza kukupima, anaandika jina la ugonjwa kwenye fishi. Watu wengi hawalitazami. Wanatazama dawa na siku za kupumzika, basi. Lakini jina hilo lina kazi tatu: linaonyesha matibabu yanayofaa, linasaidia kujua nani atalipa, na linahesabiwa ili wakubwa wa afya wajue ugonjwa gani umeingia. Likiandikwa vibaya, kazi zote tatu zinaharibika.

Alama zinatoka wapi?

Ugonjwa mmoja huitwa kwa majina mengi. Ili waganga wa nchi zote waelewane, kuna orodha moja. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alileta orodha ya sababu za vifo kwenye mkutano wa Chicago. Tangu mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani (OMS) ndilo linaloitunza. Orodha ya kumi ilikubaliwa mwaka 1990. Ya kumi na moja ilianza tarehe 1 Januari 2022, lakini nchi nyingi zingali zinatumia ile ya kumi. Humo kila ugonjwa una herufi na namba yake.

Mfano wa malaria

Tuseme jamaa ya mfanyakazi inakaa Yanonge. Mtoto anapata homa. Katika orodha ya kumi, malaria ya falciparum, ile kali kuliko zote, ni B50. Malaria iliyotambuliwa kwa dalili tu, bila kuonekana kwa kipimo cha damu, ni B54. Mtu atasema: malaria ni malaria. Sivyo! Mtoto akizidiwa, akapelekwa Kisangani kwa mto, munganga wa huko atasoma karatasi. Akiona B50, atafikiri damu imekwisha kupimwa, na huenda asitafute ugonjwa mwingine upesi. Na yule anayelipa atauliza: majibu ya kipimo yako wapi? Kwa hiyo kanuni ni hii: kilichopimwa kiandikwe kuwa kimepimwa, kinachodhaniwa kiandikwe kuwa kinadhaniwa.

Tukumbuke Banalia

Hapa kwetu Tshopo tumeona uzito wa jina sahihi. Mwaka 2021, katika eneo la Banalia, watu walianza kufa, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa waliougua mapema. Vipimo vilivyofanywa kwenye Institut Pasteur ya Paris vilionyesha homa ya uti wa mgongo ya meningokoki. Tarehe 8 Septemba 2021 OMS ilitangaza wagonjwa 261 waliodhaniwa kuwa nayo, na vifo 129. Ilikuwa aina ya W. Herufi hiyo moja ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu chanjo ya aina ya A peke yake haikingi aina ya W. Bila jina kamili, hata chanjo inayofaa haijulikani.

Vumbi la jiwe

Sasa tuje kwenye mgodi. Vumbi laini la jiwe lenye silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosi. Huo ni ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, na mara nyingi huonekana baada ya miaka mingi. Alama yake ni J62. Vumbi likiungana na kifua kikuu, alama ni J65. Kama fishi za miaka yote zinasema «kikohozi» tu, siku ya kudai haki mfanyakazi atashika nini mkononi? Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inahesabu ajali za kazi na magonjwa ya kazi miongoni mwa mambo yanayosimamiwa na CNSS. Lakini CNSS inataka ushahidi, na ushahidi huanza kwenye fishi. Kwa hiyo mwambie munganga kazi unayoifanya: kutoboa jiwe, kusaga, kupakia. Mwambie pia umeifanya miaka mingapi.

Kanuni za karatasi ya malipo

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi na jamaa yake matibabu. Hospitali ya nje ikikutibu, inaleta karatasi ya malipo kwa kampuni. Karatasi hiyo lazima ikubaliane na fishi:

1. Ilipwe kazi iliyofanywa kweli. Kipimo kisichofanywa hakilipwi.

2. Ugonjwa usipewe jina zito ili pesa ziongezeke. Huo ni wizi, na mgonjwa anabaki na jina la uongo.

3. Ajali ya kazini isiandikwe «alianguka nyumbani». Anayekubali hivyo anajinyima haki yake mwenyewe.

4. Kitabu cha matibabu hakiazimwi. Ukimpa jirani kitabu cha mke wako, ugonjwa wa jirani utaandikwa kwa jina la mke wako. Kesho mke wako akifika hospitali hajitambui, waganga watasoma habari za mtu mwingine: dawa zinazomdhuru, mimba, upasuaji. Huruma ya namna hiyo inaweza kuua.

Na siri je?

Usiogope kusema ukweli. Munganga anafungwa na sheria kutunza siri yako. Mkubwa wako wa kazi anahitaji kujua kama unaweza kufanya kazi, na siku ngapi upumzike. Jina la ugonjwa si habari ya kutangazwa kwenye kikosi.

Mambo ya kufanya

— Kabla ya kuondoka, uliza: «Ugonjwa wangu unaitwaje? Umepimwa au unadhaniwa?»

— Tazama kama jina lako, tarehe na namba yako ya kazi ni sawa.

— Tunza majibu ya vipimo na picha za mapafu mahali pakavu, hata ukiacha kazi.

— Jamaa zinazokaa mbali, kama Yanonge, zisafiri na karatasi zote na kurudi nazo.

— Ukiona kosa, sema mara moja. Kosa la leo husahihishwa kwa kalamu. Kosa la miaka kumi ni shida kulisahihisha.

Tunavaa kofia ngumu kulinda kichwa. Tutunze na fishi, maana inalinda kesho ya mfanyakazi na ya watoto wake.