Jua na Injini: Kulisha Betri ya Trela Pwani ya Kilwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na afikapo Nangurukuru huiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kuelekea baharini. Safari nzima ni ya kilomita zipatazo 300. Tuchukulie, ndugu msomaji, kwamba gari lake linakokota trela lenye kitanda, taa, pampu ya maji na jokofu dogo la volti 12, na kwamba ndani ya jokofu hilo mna chanjo za watoto. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Betri ikizimika usiku, akina mama watakaofika asubuhi na watoto wao watarudi vivi hivi.

Katika joto la pwani, jokofu la namna hiyo laweza kutumia ampea-saa 40 kwa siku, na taa pamoja na pampu 10. Betri ya risasi na tindikali ya ampea-saa 100 haifai kunyonywa kupita nusu yake mara kwa mara. Basi akiba iliyopo ni ya siku moja tu.

Wengi hudhani kwamba injini ikiunguruma saa tano njiani, betri ya trela itafika imejaa. Sivyo. Kutoka kwenye injini hadi kwenye trela pana kama mita 8 za waya, na umeme huenda na kurudi, yaani mita 16. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, ukipitisha ampea 10, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani. Volti 14.2 zilizotoka kwenye jenereta ya gari hufika 13 na ushei, ilhali betri hiyo huhitaji takriban 14.4 ili ijae. Mkondo hupungua, na betri hujaa polepole mno. Waya wa milimita 10 za mraba ungepoteza robo ya hasara hiyo. Magari mengi ya siku hizi yana ila nyingine: jenereta hushusha volti mara betri ya kuwashia gari inapotosheka. Hapo waya mnene hautoshi. Hutakiwa kifaa cha kupandisha volti, kifungwe karibu na betri ya trela. Lazima pia pawe na swichi ya kujitenga yenyewe injini inapozimwa, la sivyo jokofu litainyonya betri ya gari, na gari halitawaka.

Betri ya risasi isiyojazwa kikamilifu huota salfeti juu ya mabamba yake, nayo ikikaa sana hugeuka fuwele ngumu na uwezo wa betri hupungua. Kazi ya kumalizia kujaza ni ya jua, ambalo hufanya kazi taratibu mchana kutwa.

Gesi ya Songo Songo, katika wilaya hii hii, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Trela lililoegeshwa ufukweni halina budi kutazama juu. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kwa hiyo paneli iliyolazwa juu ya paa haikosi mengi, isipokuwa Juni, jua linapoelemea kaskazini. Paneli ya wati 200, katika siku njema, yaweza kurudisha ampea-saa 50 au zaidi. Wakati wa masika, tusitegemee hata nusu.

Lakini nani aegeshe trela juani Kilwa? Kila dereva hukimbilia chini ya mwembe. Kuti moja la mnazi likitia kivuli seli chache tu, paneli nzima hudhoofika. Heri trela likae kivulini, jokofu lipate nafuu, na paneli itolewe nje juani kwa waya mnene. Kidhibiti chaji kibaki karibu na betri, si karibu na paneli.

Hewa ya bahari nayo hula pini za plagi ya trela. Zipanguswe na kupakwa grisi. Kisha alfajiri, kabla jua halijagusa paneli na jokofu likiwa limenyamaza kwa muda, ipimwe betri: volti 12.6 ni betri iliyojaa, na 12.1 ni nusu, siku ya kuiwasha injini bila kungoja jua.