Usikisie Uyoga wa Porini: Panda Wako Nyumbani

Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huota. Huota penye vichuguu, chini ya miti na katika majani yanayooza. Akina mama na watoto huenda kuutafuta na vikapu vyao. Ni mboga tamu na haina gharama. Wazee wetu wameila miaka mingi.

Lakini kila msimu una hatari yake. Hebu fikiria nyumba moja. Mama amerudi na kikapu cha uyoga. Mwingi anaufahamu. Kidogo haufahamu vizuri, ila unafanana na ule mwingine. Anaupika wote pamoja. Saa 1 jioni watu wote wa nyumba hiyo wanakula ugali wao. Wanalala salama. Saa 11 alfajiri mtoto anaamka, tumbo linamkata. Anatapika na kuharisha. Baada ya muda mfupi baba naye anaanza.

Uyoga mmoja mbaya umetosha kuiponza nyumba nzima.

Leo tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni kujikinga na uyoga wenye sumu. La pili ni kupanda uyoga wetu wenyewe nyumbani, ili tule bila wasiwasi.

SUMU HAIONDOKI KWA MOTO

Watu wengi wana njia zao za kupima uyoga. Wengine huweka sarafu au kitunguu ndani ya sufuria. Kikibaki na rangi yake, husema uyoga ni salama. Wengine husema: "Ukiliwa na wadudu au wanyama, hata mtu anaweza kula." Wengine huuanika juani, au huuchemsha na kumwaga maji.

Ndugu msomaji, njia hizi zote haziaminiki. Uyoga wenye sumu kali kuliko wote haubadilishi rangi ya sarafu. Konokono huula asidhurike. Moto hauiondoi sumu yake, wala jua haliiondoi.

Sumu hii ina ujanja wake. Mtu akishaila, haumwi mara moja. Hupita saa 6 mpaka saa 24 kabla ya kuanza kutapika na kuharisha. Kisha, siku ya pili au ya tatu, huweza kupata nafuu. Watu wa nyumbani hufurahi, husema amepona. Kumbe ndani ya mwili sumu inaharibu ini. Baadaye macho huwa ya njano, na wengi hufa.

Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Usile uyoga usioujua kwa hakika. Kufanana si kuwa sawa.

2. Ukihamia mahali pengine, usiamini macho yako. Uyoga wa huko unaweza kufanana na ule wa kwenu, kumbe ni sumu.

3. Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, mpelekeni zahanati au hospitali mara moja. Wapelekeni wote waliokula chakula hicho, hata wale ambao hawajaanza kuumwa.

4. Chukueni mabaki ya uyoga huo, mbichi au uliopikwa, mkamwonyeshe mganga wa zahanati.

5. Mgonjwa akipata nafuu, msikimbilie kumrudisha nyumbani. Nafuu hiyo inaweza kuwa ya uongo.

Wahenga walisema: usilolijua ni usiku wa giza.

UYOGA NI KITU GANI?

Uyoga si mmea kama mchicha au mahindi. Hauna majani ya kijani, hivyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa jua. Uyoga hula vitu vilivyokufa, kama mabua, majani makavu na magogo.

Mwili wake mkubwa hatuuoni. Ni nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zinazotambaa ndani ya majani. Nyuzi hizo zikishiba na kupata unyevu, hutoa kofia tunayoila. Kofia ni kama tunda, na nyuzi ni kama mti wake.

Ukilielewa jambo hili, umeelewa kilimo cha uyoga. Kazi yako ni kuzilisha nyuzi hizo na kuzikinga na uchafu.

Uyoga wa vichuguuni haupandwi nyumbani, maana huota kwa msaada wa mchwa. Anayeanza apande uyoga aina ya mamama. Kofia yake ina umbo la sikio au ganda la chaza, na shina lake ni fupi. Huota kwa haraka, na hukubali majani ya aina nyingi.

FAIDA YAKE MWILINI

Mwaka 1975 nchi yetu ya Tanzania ilifanya kampeni ya Chakula ni Uhai. Wananchi walijifunza kwamba kushiba peke yake hakutoshi. Mwili unahitaji vyakula vya aina mbalimbali. Somo hilo halijazeeka.

Uyoga una chakula cha kujenga mwili, vitamini za kundi B na madini. Lakini tuseme kweli. Sehemu kubwa ya uyoga mbichi, yaani kama sehemu 9 katika 10, ni maji. Kwa hiyo uyoga hauwezi kuchukua nafasi ya maharage, samaki, mayai au maziwa. Uyoga ni mboga nzuri ya kuongeza kwenye sahani. Ukiupika pamoja na maharage au karanga, umefanya vizuri zaidi.

VITU UNAVYOHITAJI

Anza na mifuko minne tu. Tafuta vitu hivi:

• Mabua makavu ya mpunga au majani makavu ya migomba, kilo 6. Yawe mapya, yasiwe na ukungu, wala yasiwe yamepuliziwa dawa ya wadudu.

• Mbegu za uyoga, kilo 1. Mbegu hizi ni nafaka, kama mtama au ngano, ambayo nyuzi za uyoga zimeoteshwa juu yake. Mbegu nzuri ni nyeupe na ina harufu nzuri ya uyoga. Yenye madoa ya kijani au meusi usinunue.

• Mifuko minne ya nailoni, kila mmoja wa kubeba kilo 5. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Mifuko ya kazi za kilimo haimo katika marufuku hiyo. Mweleze muuzaji kazi yake.

• Pipa au sufuria kubwa, kuni, maji safi, sabuni na kamba.

Mbegu usijaribu kuitengeneza kwa uyoga wa porini. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu inapopatikana mbegu ya kuaminika.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Katakata majani. Vipande viwe vya urefu wa sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Yaloweke katika maji safi usiku mmoja.

Hatua ya 2: Chemsha. Asubuhi yatie majani katika pipa la maji juu ya moto. Maji yakianza kuchemka, hesabu saa nzima. Moto huua ukungu na wadudu ambao wangekula chakula cha uyoga wako. Watoto wasikaribie pipa. Maji ya moto yameunguza wengi.

Hatua ya 3: Chuja na poza. Yatandaze majani juu ya turubai safi au meza iliyooshwa, penye mteremko ili maji yatoke. Chukua konzi moja, ukamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, subiri. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa. Ngoja mpaka majani yapoe, maana yakiwa ya moto yataua mbegu.

Hatua ya 4: Panda. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Fanya kazi ndani ya nyumba, mahali pasipo upepo na vumbi. Weka mfukoni majani ya kina cha upana wa kiganja, uyashindilie kidogo. Nyunyiza mbegu, zaidi pembeni. Weka majani tena, kisha mbegu tena. Endelea hivyo mpaka mfuko ujae. Juu kabisa malizia kwa mbegu. Kila mfuko wa kilo 5 za majani yaliyolowa utumie robo kilo ya mbegu. Funga mdomo kwa kamba, kisha toboa matundu madogo 10 pembeni kwa msumari safi.

Hatua ya 5: Weka gizani. Ining'inize mifuko au ipange juu ya chanja, katika chumba chenye giza na ubaridi. Usiimwagie maji. Usiifungue kutazama. Kwa wiki tatu au nne utaona nyuzi nyeupe zikitambaa. Mfuko wote ukiwa mweupe, nyuzi zimeshiba.

Hatua ya 6: Peleka kwenye mwanga. Kibanda cha udongo na nyasi kinafaa. Jua lisiingie, lakini pawe na mwanga wa kukutosha kusoma gazeti hili. Pawe na dirisha la kupitisha hewa, lenye wavu wa kuzuia nzi. Mwaga mchanga sakafuni, uuloweshe kila siku ili pawe na ubaridi. Ipasue mifuko mahali panne au matano, kila mpasuo wa sentimita 3. Nyunyiza maji safi hewani na juu ya mifuko mara mbili au tatu kwa siku, kama umande. Usimwage maji ndani ya mifuko.

Baada ya siku chache vitatokea vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti. Baada ya siku 3 mpaka 5 hivi, uyoga uko tayari.

MFUKO UKIHARIBIKA

Ukiona rangi ya kijani, nyeusi au ya machungwa, huo ni ukungu. Mfuko ukinuka uozo, umeharibika. Usisikitike sana, hata wakulima wazoefu hupoteza mifuko. Utoe haraka usiambukize mingine. Uzike majani mbali na kibanda. Kisha jiulize: Je, nilichemsha saa nzima? Nilinawa mikono? Majani yalikuwa na maji mengi?

Pengine utaona uyoga mwingine umeota, mwembamba au wenye rangi tofauti. Ung'oe, uutupe. Usile kitu usichokipanda.

KUVUNA NA KULA

Vuna kabla ukingo wa kofia haujapinda kwenda juu. Shika shina, lizungushe taratibu, uling'oe lote. Usiache kipande, kitaoza. Mfuko mmoja huvunwa mara tatu au nne, kila baada ya wiki moja au siku 10 hivi. Katika mifuko yako minne, ukipata jumla ya kilo 3 au 4, umefanya vizuri kwa mara ya kwanza.

Uyoga uliokomaa sana hutoa vumbi jeupe. Vumbi hilo huweza kuleta kikohozi na kubana kifua. Fungua madirisha kabla ya kuingia kibandani na funga kitambaa puani. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi ya kuvuna.

Pika uyoga siku hiyo hiyo, uive vizuri. Anayeula mara ya kwanza ale kidogo, aone kama unampatana. Ukibaki, uchane vipande, uanike juani kwenye chanja, ufunike kwa wavu. Ukivunjika kwa urahisi, umekauka. Uweke katika chombo chenye kifuniko. Kilo 10 za uyoga mbichi hutoa kama kilo 1 ya uyoga mkavu. Huo ndio akiba ya siku ambazo mboga ni adimu.

Mavuno yakiisha, majani ya mfukoni ni mbolea. Yafukie katika bustani ya mchicha. Mifuko mitupu usiitupe ovyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mgonjwa wa sumu ya uyoga asirudishwe nyumbani anapopata nafuu?

2. Kijijini kwetu watu hupimaje uyoga wa porini? Je, njia hizo zinaaminika?

3. Kwa nini tunachemsha majani kabla ya kupanda?

4. Ni majani gani makavu tunayochoma moto kila mwaka, ambayo yangefaa kuwa chakula cha uyoga?

5. Kikundi chetu kinaweza kununua mbegu pamoja? Nani atakwenda kumwuliza bwana shamba, na lini?

Ndugu msomaji, gazeti hili likifika mkononi mwako, msomee na jirani asiyejua kusoma. Hasa msomee sehemu ya sumu. Mvua haziko mbali, na vikapu vitatoka tena.