Kazi nyingi, masaa machache: kupanga kazi za komite na kupunguza msongo wa mawazo

 Mara nyingi tunapozungumzia amani tunazungumzia mashamba, mipaka na silaha. Safari hii tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni ratiba ya kazi, pamoja na uchovu wa akili wa yule anayeifanya kazi hiyo.

Wengi hudhani msongo wa kazi ni shida ya watu wenye meza, kompyuta na mshahara. Sisi hatuoni hivyo. Prezida wa komite, au mama anayesimamia zamu ya robine, ana kazi kamili, hata kama ofisi yake ni kivuli cha hema ya plastiki. Alfajiri anaamshwa na watu wawili wanaogombania bidoni. Asubuhi shirika la kiutu linataka orodha ya watoto wadogo, na linaitaka leo. Mchana zinafika familia mpya ambazo hazina pa kulala. Jioni chifu wa wenyeji analalamika kwamba kuni zimekatwa shambani kwake. Usiku simu inalia. Katikati ya hayo yote watoto wake wanataka kula, maana kazi ya komite hailipwi, na asipokwenda kulima kibarua hakuna unga nyumbani.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwezi Oktoba 2002 inaweka kikomo cha masaa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu aliyeajiriwa. Kiongozi wa kujitolea hana mwajiri wa kumhesabia masaa, hivyo inabidi ajihesabie mwenyewe, au wenzake katika komite wamhesabie.

Jambo hili linagusa amani moja kwa moja, kwa sababu makosa ya mtu aliyechoka yanafanana sana na ubaguzi. Jina likisahaulika katika orodha, watu hawasemi kwamba mwandishi alikuwa hajalala. Wanasema ametuacha kwa sababu ya kabila letu, au kwa sababu sisi tumetoka kijiji kingine. Neno la namna hiyo likishatoka, kulirudisha ni kazi ya miezi.

Saa 8 ni saa ngapi?

Tuanze na chanzo cha ugomvi ambacho dawa yake haigharimu hata faranga moja. Barua ya mkutano inakuja imeandikwa kwa Kifaransa, 8h00. Mwenye kuisoma anawaambia watu, "Ni saa nane." Anayehesabu kwa Kiswahili anafika saa nane mchana, wakati mkutano ulifanyika saa mbili asubuhi na magari ya shirika yamekwisha kuondoka. Waliokosa wanaamini wamefichwa habari. Tunashauri kila tangazo liandikwe namna zote mbili: "saa 2 asubuhi, yaani 8h00", na anayelitangaza kwa mdomo ataje daima asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Kuna jambo la pili. Kivu, Ituri, Tanganyika na Katanga ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Tanzania na Uganda nazo ziko saa moja mbele ya mashariki ya Kongo, lakini Rwanda na Burundi saa yao ni sawa na yetu ya mashariki. Familia iliyogawanyika, wengine Fizi na wengine kambini Nyarugusu mkoani Kigoma, ikipatana kupigiana simu saa kumi jioni bila kusema ni saa ya wapi, upande mmoja utangoja bure. Vilevile kwa wafanyabiashara wanaovuka Kasindi au Bunagana kwenda Uganda.

Hesabu ya robine

Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hesabu hii imetusaidia kuelewa ugomvi mwingi.

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya kiutu huvifuata, vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, robine moja isihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asingoje kwenye foleni zaidi ya dakika 30. Robine inayokusudiwa hapo inatoa lita 7 na nusu kwa dakika. Bidoni ya lita 20 basi inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ongeza muda wa kuiondoa na kuweka nyingine, tuseme dakika 3. Kwa saa moja robine inajaza bidoni 20.

Watu 250 wakihitaji lita 15 kila mmoja, hizo ni lita 3,750, au bidoni 188 hivi. Kwa mwendo wa bidoni 20 kwa saa, robine lazima ifanye kazi zaidi ya masaa 9 mfululizo. Sasa, mahali ambapo maji yanafunguliwa asubuhi tu kwa masaa 3, zinajazwa bidoni 60, na kila mtu anabaki na chini ya lita 5. Watu watapigana hapo, hata wangekuwa watakatifu. Mama anayesimamia zamu atatukanwa kila siku, naye atafikiri ameshindwa kazi, kumbe lililoshindikana ni hesabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwahubiria watu kuhusu foleni, chukueni simu yenye saa, wekeni bidoni tupu chini ya robine, mpime inajaa kwa dakika ngapi. Hesabuni familia. Mkiisha kupata namba, nendeni kwa shirika linalohusika na maji mkiwa na karatasi mkononi: tunaomba masaa mengine manne, au robine ya pili. Karatasi yenye namba husikilizwa kuliko malalamiko, na mbeba karatasi harudi nyumbani na moyo mzito kama mbeba matusi.

Baada ya hapo ndipo zamu zinapangwa. Wanaokwenda kulima mbali wateke mapema. Wanafunzi wateke kabla ya masomo au baada yake. Wasichana wasipewe zamu ya giza. Wazee, wajawazito na wagonjwa wawe na mlango wao, na jambo hilo litangazwe hadharani ili lisionekane kuwa ni upendeleo. Ikiwa wenyeji nao wanachota pale pale, zamu ipangwe nao wakiwa wameketi. Zamu waliyopangiwa na wageni wataivunja siku ya tatu, na kwa haki.

Karatasi moja kwa juma

Kiongozi hahitaji kitabu kikubwa. Daftari la shule linatosha, ukurasa mmoja kwa juma, siku saba zimechorwa mistari. Andika kwanza yale yasiyosogezwa: siku ya soko, sala ya Ijumaa ya Waislamu, Sabato ya Waadventista, ibada ya Jumapili, siku ya salongo, siku zako za shamba. Halafu andika mikutano. Halafu acha nafasi wazi, kwa makusudi, angalau nusu siku mara mbili kwa juma, maana ugawaji wa chakula na uandikishaji hutangazwa ghafula. Ratiba iliyojaa kabisa huvunjika Jumatatu.

Tunaongeza neno kuhusu saa ya mikutano. Mikutano mingi huitishwa saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa inayowafaa wenye magari. Saa hiyo akina mama wako shambani au kwenye kuni. Wanaume waliobaki wanaamua, jioni akina mama wanakataa uamuzi, na mkutano unaitishwa tena. Mkutano mmoja wa saa tisa alasiri una faida kuliko miwili ya asubuhi. Shirika likileta saa isiyofaa, kiongozi ana haki ya kusema hivyo kwa adabu. Wengi wanaogopa kwamba msaada utaondoka, lakini wafanyakazi wa mashirika mara nyingi hawajui tu.

Malalamiko nayo yawe na saa na mahali pake, kwa mfano Jumanne na Ijumaa jioni chini ya mti unaojulikana. Mwanzoni watu watanung'unika, kisha watazoea. Lakini kuna mambo yasiyongoja siku ya malalamiko, na kila familia iyajue. Mtu mwenye kuhara sana kama maji anaweza kufa kwa kipindupindu katika masaa machache, hivyo apelekwe kwa muganga mara moja, hata usiku. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla ya masaa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatolewa ndani ya muda huo, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Wala hadithi yake haina haja ya kupita mbele ya komite nzima. Moto, mtoto aliyepotea, habari za watu wenye silaha: hayo pia hayana ratiba.

Kwa ajili ya mambo hayo ya usiku, komite iwe na simu ya zamu. Leo anaamshwa huyu, kesho yule, na namba ya mwenye zamu imebandikwa mahali. Wengine wanazima simu zao na kulala. Tumewasikia viongozi wakisema kwamba kuzima simu ni kuwaacha watu. Sisi tunafikiri kumwamsha mtu yule yule kila usiku ndiko kunakowaacha watu bila kiongozi, baada ya miezi michache.

Kazi zigawanywe pia kwa namna ya kulinda heshima ya mtu. Anayeandika orodha asiwe ndiye anayesikiliza malalamiko kuhusu orodha. Hakuna mwanadamu anayeweza kujihukumu mwenyewe kila Ijumaa na kubaki na amani rohoni. Kijana anayejua kuandika vizuri asaidiane na mzee anayezijua familia.

Mwili unaposema umechoka

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja uchovu wa kupindukia unaoletwa na kazi. Halikuuita ugonjwa, limeuita hali inayotokana na msongo wa kazi ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba lolote analofanya halifai. Dalili ya pili ndiyo tunayowaomba muiangalie sana. Kiongozi aliyezoea kusema "watu wetu" akianza kusema "hawa watu", wenzake wasimkasirikie. Wampumzishe juma moja au mawili.

Shirika hilo hilo lilitoa mwaka 2020 kijitabu cha picha kwa ajili ya watu walio katika dhiki. Mafundisho yake yalijaribiwa kwanza na wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, kwa vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, na yaliwapunguzia dhiki. Zoezi moja ni hili: mawazo yanapokuvuta kama upepo wa dhoruba, simama, kanyaga ardhi polepole kwa miguu yote miwili, toa pumzi yote nje, kisha uvute taratibu. Angalia kilichoko mbele yako, sikiliza sauti zilizopo, gusa kitu kilicho karibu. Shida haiondoki, ila unapata kushika mikono na mdomo wako kabla ya kumjibu mtu. Kwa kiongozi aliyetukanwa mbele ya foleni ya watu 100, dakika hiyo moja ni kubwa.

Kuhusu kasiksi na lotoko tutasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anajua. Pombe humpa mtu usingizi wa kwanza na kumwamsha saa nane usiku na mawazo yale yale, na asubuhi anakuta watu wanamngoja kwenye orodha. Ikiwa mtu hapati usingizi kwa majuma mengi, au anasema afadhali afe, hiyo si kazi ya komite tena. Asindikizwe kituo cha afya na mtu anayemwamini, na asiachwe peke yake.

Kambi zikivunjika

Baada ya vita vya Januari 2025, kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa mwezi Februari. Watu walirudi vijijini au wakaingia katika nyumba za jamaa na za wenyeji. Komite nazo zilitawanyika, lakini watu wanaendelea kuwapigia simu viongozi wao wa zamani, nao wanaendelea kujibu, sasa bila hema, bila mti wa malalamiko na bila wenzao karibu. Katika hali hiyo ratiba inakuwa nyepesi zaidi: siku moja ya soko kwa juma ambapo waliobaki karibu wanakutana, na saa moja ya jioni ambapo simu inapokelewa. Nyumba inayopokea wageni iambiwe mapema siku ya watu kuja kumwona kiongozi, maana mwenye nyumba naye huchoka kuwakaribisha wasiojulikana.

Daftari la juma lisipotee katika safari. Anayeacha uongozi aketi na anayeupokea, wapitie kurasa za miezi miwili iliyopita, waonyeshane ahadi ambazo hazijatimizwa na familia zinazongoja jibu. Majina ya waliopatwa na ukatili yasiandikwe humo kamwe.