Matairi ya Gari la Meneja



Mtu aweza kuuliza: ukurasa wa chama una haja gani na matairi ya Mercedes-Benz, na sisi wengi tunakwenda kazini kwa baiskeli? Haja ipo. Gari kubwa la meneja huendeshwa na mwanachama, na matairi yake hufungwa na mwanachama. Siku tairi linapopasuka, wanaoulizwa kwanza ni hao wawili. Watu walipobuni neno "wabenzi" walimcheka aliyeketi nyuma. Aliyeshika usukani hakutajwa.

Agizo huja kwa maneno machache: "Gari linanguruma, tafuta matairi laini." Basi dereva afanye nini?

Kwanza asome ubavu wa tairi. Tuchukue S-Class iliyotengenezwa tangu 2005 hadi 2013, ambayo nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 235/55 R17. Namba 235 ni upana kwa milimita. Namba 55 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 129 hivi. R ni aina ya tairi ambalo nyuzi zake zimelazwa kutoka ubavu hadi ubavu, na 17 ni inchi za rimu. Sasa bosi akitamani rimu kubwa zinazong'aa, hufungiwa 255/35 R20. Piga hesabu: ubavu umebaki milimita 89. Sentimita nne za mto zimeondoka, na fedha zaidi zimelipwa! Anayetaka utulivu abaki na rimu ndogo ambayo kiwanda kimeiruhusu kwa gari hilo.

Kelele yenyewe hutoka kwenye meno yanayopiga barabara, kwenye hewa inayobanwa mifereji ya tairi, na kwenye hewa ya ndani inayovuma kama ngoma. Kwa hiyo meno madogo yasiyolingana ukubwa hunyamaza kuliko meno makubwa ya tairi la matope. Viwanda vingine hubandika sifongo ndani ya tairi kumeza ule mvumo. Matairi yanayoweza kwenda bila upepo yana ubavu mgumu. Yana faida yake, lakini si ya raha. Kijibandiko cha Ulaya, kilichoanza 2012, huonyesha kelele kwa desibeli, ila kipimo hicho huchukuliwa kando ya barabara, si kwenye kiti cha nyuma. Tena hakuna tairi litakalonyamaza juu ya lami ya kokoto kubwa, wala gari ambalo magurudumu yake yamepinda na kula tairi upande mmoja.

Hatari kubwa iko kwenye upepo. Wako wakubwa wanaoamuru upunguzwe ili gari lipite mashimo kwa upole. Ni kweli, litapita kwa upole. Lakini ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Kwa tairi letu la inchi 17, mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni karibu mizunguko 13 kila sekunde. Upepo ukiwa mchache ubavu hukunjika kupita kiasi, moto hujikusanya, mpira huachana na nyuzi, na tairi hupasuka njiani, mara nyingi gari likiwa limejaa na jua likiwaka. Kipimo sahihi kimeandikwa ndani ya kifuniko cha tangi la petroli, na huongezeka gari likiwa na mzigo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Kisha tazama umri. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukakamaa. Hupiga kelele na huteleza mvua inaponyesha, hata kama meno bado marefu. Hapo ndipo matairi ya mitumba huwadanganya wengi. Na ndugu zetu wagema mpira wajue kwamba utomvu wao bado ungali ndani ya matairi haya ya kifahari, japo mpira wa viwandani nao umo.

Tusome pia 99V baada ya ukubwa: 99 ni kilo 775 kwa kila tairi, V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Usikubali kufunga namba iliyo chini ya ile ya kitabu cha gari, hata duka likisema ndiyo laini zaidi.

Dereva anayeamriwa kupunguza upepo na aombe agizo hilo liandikwe katika daftari la gereji, pamoja na tarehe, kipimo na sahihi ya aliyeamuru. Mkubwa akikataa kutia sahihi, jaza upepo kama kifuniko kinavyosema, uandike hivyo, na umwarifu mjumbe wa chama siku hiyo hiyo.