Tundu kwenye klishe

Klishe ya tangazo huenea kiganjani. Ni bamba la zinki au shaba lenye picha iliyogeuzwa kushoto kulia, limepigiliwa vijisumari juu ya kibao. Kabla ya uchapaji wa ofseti kuenea, ndiyo iliyoweka pampu, taa na injini kwenye kurasa za majarida ya biashara na ya migodi. Siku hizi Ulaya na Marekani klishe kuukuu huuzwa kama mapambo ya mezani. Cheo hicho ni kidogo mno. Klishe ni hati ya biashara, na mtu wa Kampene ana sababu kubwa zaidi ya kuisoma kuliko wengi.

Eneo la Pangi huko Maniema, Kongo, lenye Kampene na Kalima, limechimbwa dhahabu na kasiteriti tangu enzi za Wabelgiji. Kasiteriti ndiyo mawe ya bati, na jina hilo hupoteza watu, kwa maana mabati tunayoezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe lilikuwa na kazi yake katika kiwanda cha chapa. Herufi zilisubuliwa kwa risasi, lakini risasi ikiwa peke yake ni laini mno. Antimoni huitia ugumu, nalo bati hufanya mchanganyiko utiririke mpaka kwenye mistari myembamba kama unywele. Madini ya Linotype, mashine ya kusubu herufi, yalikuwa takriban sehemu 84 za risasi, 12 za antimoni na 4 za bati. Mchanganyiko wa jamaa hiyo ndio uliotumika kunakili matangazo: picha ya asili ilikandamizwa kwenye karatasi nene yenye unyevu, karatasi ikakaushwa na kutumwa kwa posta, na mchapaji wa mbali akaimwagia madini ya moto. Hivyo tangazo lile lile lilitokea katika miji iliyoachana maelfu ya kilomita. Kazi ikiisha, bamba lilirudishwa chunguni, ndiyo maana yaliyosalia ni machache.

Atatokea mtu aulize: nani awezaye kushika klishe moja na kuapa kwamba ndani yake mna bati la Maniema? Hakuna, kwa sababu tanuri huchanganya mawe ya kila mahali. Tena klishe ya zinki iliyochongwa kwa asidi haina bati hata chembe. Nayakubali yote mawili. Hoja yangu ni ya biashara nzima, si ya kipande kimoja. Japani ilipoteka Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likawa tegemeo kubwa la Mataifa ya Washirika. Shaba ilitoka Katanga, na zinki ilichimbwa Kipushi. Nchi iliyotoa bati, shaba na zinki haikuwa ndiyo iliyoamua picha gani ichongwe juu ya klishe.

Uamuzi huo unaonekana kwa macho. Klishe nyingi zilikatwa tundu la mstatili, aghalabu upande wa chini. Mwenye bidhaa alichonga mashine yake, sifa zake na nembo yake, kisha akaacha nafasi tupu. Mchapaji wa mji akapanga humo, kwa herufi za risasi, jina la duka na sanduku la posta. Kila kitu kilikuwa kimekwisha semwa isipokuwa jina la muuzaji, nalo liliweza kung'olewa kesho na kupachikwa lingine. Ni kweli kwamba tundu lilimfaa mwenye duka. Kutengeneza picha ya nukta kulihitaji kamera kubwa, kioo chenye mistari na asidi, vitu ambavyo kiwanda kidogo cha chapa hakikuwa navyo, kwa hiyo alipata picha nzuri kwa gharama ndogo. Lakini msaada huo ulikuja na mpaka wake, na mpaka huo unaweza kupimwa kwa rula.

Wengine husema inatosha kupiga picha kurasa za majarida ya zamani na kuzihifadhi katika kompyuta. Kurasa zihifadhiwe, tena haraka. Hata hivyo ukurasa huficha kiungo: jina la duka na picha ya mashine huonekana kama vilizaliwa pamoja. Klishe huvitenganisha. Hata urefu wake husema ilikokuwa ikielekea, kwani herufi za Uingereza na Marekani zilisimama takriban milimita 23.3 na za Ufaransa 23.56. Klishe fupi ikiwekwa kati ya herufi ndefu hupata wino hafifu, hivyo mchapaji huiinua kwa vipande vya karatasi, na wakati mwingine karatasi hizo bado zimegandia chini ya kibao. Anayeibandua karatasi hiyo, au kuisugua klishe kwa brashi ya waya ili ing'ae dukani, anafuta alama ambazo hakuna ukurasa utakaozirudisha. Wino mkavu kwenye kingo za tundu huonyesha kwamba jina la mtu liliwahi kukaa pale, kabla herufi zake hazijarudishwa kwenye visanduku vyake.