Mbwa wa Zizini na Chanjo Yake

Ndugu zetu Waislamu, sisi wa Nangwa, chini ya mlima Hanang, twafuga mbwa wa kulinda mifugo, na sheria yaturuhusu. Lakini ruhusa hiyo ina dhima. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamdhihirikia mtu, hapana dawa ya kumponya. Na watoto ndio waumwao zaidi.

Basi kila mwenye nyumba na apange mapema. Mtoto wa mbwa achanjwe afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Na paka vivyo hivyo. Tarehe iandikwe, na cheti kihifadhiwe. Tusiseme, “Mbwa ni najisi, nani atamshika?” Aliyemfuga ndiye amshike, mkono huoshwa, bali mtoto akizikwa harudi.

Chombo alichokiramba mbwa twakiosha mara 7, mojawapo kwa mchanga. Je, jeraha la mtoto tutalipuuza? Lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata ikiwa mbwa ni wetu.

Bwana Mtume (s.a.w.) alitusimulia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Chanjo nayo ni huruma, kwa mnyama na kwa jirani. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.