Chaki ya Drili Ikigoma

Ufunguo wa drili ukikataa kugeuka, wengi huongeza nguvu. Wapo wanaochomeka bomba kwenye mkono wa ufunguo ili wapate nguvu zaidi, na wapo wanaoshika nyundo na tindo wakagonga meno ya chaki mpaka izunguke. Kazi huendelea kwa muda. Halafu meno yanalika, ufunguo unateleza, biti inazunguka ndani ya taya, na mwenye karakana anaambiwa anunue chaki nyingine. Hasara hiyo mara nyingi ingeepukika, kwa kuwa chaki iliyokaza aghalabu haijachakaa. Ni chafu tu.

Chaki ni kile kichwa cha chuma kinachobana biti kwenye drili ya kusimama, ile yenye meza na mkono wa kushushia. Umbo lake la leo linatokana na kazi ya Mmarekani Arthur Jacobs, wa Hartford katika jimbo la Connecticut, aliyepewa hataza mwaka 1902. Chaki za kabla yake zilikazwa kwa spana, na inasimuliwa kwamba Jacobs aliwaza ufunguo wenye meno baada ya kuchubuka vidole kazini.

Ndani ya kichwa hicho mna taya tatu, kila moja katika tundu lake lililoinama, na matundu yote yanaelekea mdomoni. Mgongoni taya zina nyuzi kama za skrubu. Nati iliyokatwa vipande viwili inazizunguka zote, nayo imefichwa chini ya koti la nje lenye meno. Koti likigeuka, nati inazunguka nalo, taya zinatoka au kurudi ndani. Nafasi kati ya vipande hivyo ni finyu mno, kwa hiyo vumbi la chuma au unga wa mbao ukichanganyika na grisi ya zamani unaganda na kuzuia kila kitu. Kuongeza grisi nzito hapo ni kosa, maana grisi hiyo ndiyo inayonasa uchafu mpya.

Tiba ya kwanza ni ya bei ndogo. Umeme unachomolewa kabisa, taya zinafunguliwa hadi mwisho, na mdomo wa chaki unasuguliwa kwa brashi ndogo iliyochovywa mafuta ya taa. Koti linazungushwa kwenda na kurudi, uchafu unatiririka, mafuta yanaongezwa tena. Chaki yenye kutu yafaa iachwe ilowe usiku mzima. Ikishakuwa laini inapanguswa, inakaushwa, kisha inapewa matone machache ya oili nyepesi ya mashine. Kwa chaki nyingi kazi inaishia hapo.

Ikiendelea kugoma, inafunguliwa. Taya zinarudishwa ndani kidogo tu kupita mdomo, chaki inasimamishwa mdomo juu, na koti linakalishwa kwenye ukingo wa bomba pana ambalo mwili wa chaki unaweza kupita katikati yake. Mwili unasukumwa chini polepole kwa presi au jiliwa kubwa, koti linabaki juu, na zile nusu mbili za nati zinaonekana. Hapa pana jambo ambalo fundi mwenye haraka hulikosa: taya hazifanani. Nyuzi za kila moja zinaanza theluthi ya hatua mbele ya mwenzake, na ndiyo maana nyingi zimeandikwa namba 1, 2 na 3. Zikirudishwa kwa mpangilio mwingine, ncha zake hazitakutana usawa mmoja na biti haitanyooka kamwe. Zisipokuwa na namba, fundi azitie alama yeye mwenyewe pamoja na matundu yake kabla hajatoa hata moja.

Nyuzi zilizokatika, taya zilizolika mdomoni au mwili uliopasuka havina dawa; hapo chaki mpya ni halali. Shida ni kuipata inayoingia. Shafti za drili nyingi kubwa zina tundu linalopungua upana kwa mteremko wa Morse, urithi wa Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya biti ya msokoto mwaka 1863. Shina la chaki linapandishwa humo na kujishika lenyewe kwa msuguano. Kulitoa, shafti inazungushwa mpaka tundu lake refu la ubavuni lilingane na lile la mrija unaoshuka, kabari bapa inaingizwa, inagongwa mara moja, na mkono wa pili unadaka chini kwa kitambaa.

Chaki nayo inashika shina kwa mteremko mwingine, na hapa ndipo pesa hupotea dukani. B16, ya kipimo cha Ulaya, ina kipenyo cha milimita 15.733 upande mpana, na JT33, ya mfumo wa Jacobs, ina milimita 15.85 hivi. Kwa macho hazitofautiki. Lakini B16 inapungua milimita 1 kwa takriban kila 20, wakati JT33 inapungua 1 kwa karibu 16, hivyo moja ikivishwa kwenye nyingine zinagusana upande mmoja tu na chaki inayumba. Asiyejua ya kwake aende dukani na shina mkononi, asome maandishi yaliyopigwa mgongoni mwa chaki.

Kabla ya kufunga chaki, nyuso zote mbili za mteremko zinafutwa mpaka ziwe kavu, kwa kuwa oili huua ule msuguano. Taya zinarudishwa ndani kabisa ili zisipate pigo, na chaki inapandishwa kwa kuibana juu ya kipande cha mbao kwa mkono wa drili. Baada ya hapo inabanwa fimbo ya chuma iliyonyooka, shafti inazungushwa kwa mkono, na ncha ya sindano iliyofungwa mezani inasogezwa karibu na fimbo. Pengo likibadilika, chaki inageuzwa nusu mzunguko kwenye shina na kupimwa tena. Likizidi kubadilika hata kwa chaki nyingine, basi kinachotakiwa kukaguliwa ni shafti na beringi zake.